Lenzi kuukuu, kamera ndogo na jua la Tanga

Sifa nyingi zinazopewa lenzi za zamani zimeandikwa na watu wanaoishi mahali ambako jua hupita chini upande mmoja wa anga kwa miezi mingi ya mwaka, na hewa ni kavu kiasi kwamba mtu anaweza kuisahau lenzi kabatini bila wasiwasi. Sisi wa Tanga tuna jua la utosi na hewa ya bahari, na mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua kama lenzi ya miaka ya 1970 itakufaa au itakusumbua, kuliko jina lililochongwa mbele yake. Ninaandika haya baada ya kutumia lenzi kadhaa za aina hiyo kwenye Sony a6000, kamera ndogo iliyotoka mwaka 2014 ambayo bado inanitosha, na najua kuwa maoni yangu hayatampendeza kila mtu. Kwangu mimi, lenzi kuukuu si bora kuliko lenzi ya kisasa. Ina kazi zake inazozifanya vizuri, na zipo nyingine isizoziweza hata ukiibembeleza.

Kwanza nieleze kwa nini kamera ndogo za siku hizi hukubali lenzi ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Kila mfumo wa kamera una umbali wake maalumu kati ya mdomo wa chuma unaopokea lenzi na mahali ambapo picha hutua, iwe ni filamu au sensa, yaani kile kipande cha kielektroniki kinachopokea mwanga badala ya filamu. Kamera za zamani zenye kioo cha kuakisi ndani zilihitaji nafasi ya kioo hicho kuinuka na kushuka, kwa hiyo umbali huo ulikuwa mkubwa: milimita 45.46 kwa mdomo wa skrubu uitwao M42, milimita 46.5 kwa Nikon F, na 42 kwa Canon FD. Kamera isiyo na kioo cha kuakisi haina haja ya nafasi hiyo, na ndiyo maana mdomo wa Sony E uko milimita 18 tu kutoka kwenye sensa, wa Fujifilm X milimita 17.7, na wa Micro Four Thirds, mfumo uliotangazwa mwaka 2008, milimita 19.25. Ukitoa 18 kwenye 45.46 unabaki na milimita 27.46, na adapta ya M42 kwa Sony si kitu kingine ila bomba tupu la chuma lenye urefu huo, lisilo na kioo wala umeme ndani yake. Kwa mwenye kamera kubwa ya Nikon ya mdomo wa F hesabu inamgeukia, kwa sababu 46.5 ni zaidi ya 45.46, na lenzi ya M42 haitafokasi vitu vya mbali bila kuongezewa kioo cha kusahihisha ambacho mara nyingi hupunguza ukali wa picha.

Adapta hiyo ikishafungwa, kamera haijui kabisa kama kuna lenzi mbele yake. Kwenye a6000 ni lazima uingie kwenye menyu na kuiruhusu kamera ipige picha bila lenzi, la sivyo itakataa. Ukiweka hali ya A, tundu la lenzi, yaani uwazi unaopitisha mwanga, utalifungua na kulifunga kwa mkono, na kamera itachagua yenyewe kasi ya shata, yaani muda ambao sensa inapokea mwanga, kulingana na mwanga unaoingia. Taarifa za picha hazitaonyesha lenzi wala tundu ulilotumia, jambo ambalo mimi nimelimaliza kwa kijidaftari cha mfukoni. Kuhusu upeo wa kuona, sensa ya a6000 ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, hivyo lenzi ya milimita 58 huona eneo ambalo lenzi ya milimita 87 ingeliona kwenye kamera ya filamu, na ya milimita 28, iliyokuwa pana enzi zake, huwa kama ya 42. Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa ambao waandishi wengi huupitia haraka: lenzi kuukuu ambayo ni pana kwelikweli kwenye sensa ya namna hii ni adimu na ghali. Ukitaka kuipiga picha boma ya Wajerumani yote kwa mara moja, au nyumba za mtaa wa Ngamiani kutoka upande wa pili wa barabara, tumia lenzi ndogo iliyouzwa pamoja na kamera yako. Inakunjika vizuri, na hakuna atakayekuuliza.

Lenzi yangu kuu ni Helios 44-2 ya mdomo wa M42 na milimita 58, yenye tundu la f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), iliyotengenezwa Umoja wa Kisovyeti kwa kufuata mpangilio wa vioo wa Biotar, lenzi ya kampuni ya Kijerumani ya Carl Zeiss Jena. Zilitengenezwa kwa mamilioni, na ndiyo sababu bado zinapatikana. Huku pwani lenzi za M42 hazishangazi: Watanzania walikwenda kusoma Umoja wa Kisovyeti na Ujerumani Mashariki, Zanzibar ilikuwa na uhusiano wa karibu na Ujerumani Mashariki baada ya mwaka 1964, na kamera za Praktica na Zenit zilisafiri masandukuni. Mimi niliipata kwa mzee mmoja wa Ngamiani aliyewahi kuwa na studio, na kabla hajanitajia bei alinifundisha jambo ambalo hadi leo nalifanya kila ninapoletewa lenzi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Usiiangalie kwa mbele kama unayenunua kioo cha kujitazamia. Washa tochi ya simu yako, imulike kwa nyuma, uitazame kwa pembeni.”

Tochi hiyo hufichua kila kitu. Vumbi kidogo halina neno, na mikwaruzo myembamba kwenye kioo cha mbele haina madhara makubwa kama watu wanavyodhani. Kinachotakiwa kukuogopesha ni nyuzi zinazotambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, ambazo ni kuvu, na utandu mweupe ulioenea sawasawa kama mtoto wa jicho, ambao mara nyingi hutokana na mvuke wa grisi iliyozeeka. Vyote viwili hutawanya mwanga, na lenzi yenye utandu mzito haitakupa weusi wa kweli hata kivulini. Baada ya hapo zungusha pete ya tundu na uangalie kama mabamba yake manane yanafunga bila kusita na hayana mafuta, kisha zungusha pete ya fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho; ikiwa nzito, fundi anaweza kubadilisha grisi, lakini ikiwa inakwama mahali pamoja huenda iliwahi kuanguka.

Sasa jua. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri mwanga wa Tanga ni mkali, unatoka juu, na unarudishwa na mchanga na maji kutoka chini. Wanaonunua lenzi ya f/2 kwa hamu ya kupiga kila kitu tundu likiwa wazi hukutana na hesabu isiyokubali mjadala. Kwa kanuni ya zamani ya wapiga picha wa filamu, jua kamili kwa ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu au sensa kuhisi mwanga) linataka f/16 na shata ya sehemu 1 ya 100 ya sekunde. Kutoka f/16 hadi f/2 ni hatua sita, na kila hatua huongeza mwanga maradufu, hivyo shata inatakiwa iende kwa kasi ya 1/6400, wakati a6000 inaishia 1/4000. Picha itaungua kwa mwanga kupita kiasi. Una njia mbili: kufunga tundu hadi f/2.8, ambapo 1/3200 inatosha, au kufunga kichujio cheusi cha kupunguza mwanga chenye uzi wa milimita 49, ambao ndio uzi wa Helios. Kwenye mchanga mweupe wa ufukwe wa Raskazone hata f/2.8 huwa haitoshi, kwa hiyo mimi hupendelea kufunga hadi f/5.6 na kuachana na ubishi, hasa kwa kuwa hapo lenzi hii ndipo inapokuwa kali zaidi.

Ubaya wa pili wa jua ni mng'ao. Lenzi za kisasa zina tabaka nyingi za kuzuia mwanga usiakisiwe kati ya kioo na kioo. Helios nyingi za 44-2 zina tabaka moja tu. Jua likiligonga jicho la lenzi kwa pembeni, picha nzima hufifia kana kwamba imefunikwa na chandarua, na rangi ya bahari hupotea. Wapo wanaoupenda mwonekano huo, na siwezi kukana kwamba ukimpiga mtu picha saa kumi na mbili kasorobo jioni jua likiwa nyuma yake, mng'ao huo una uzuri wake. Lakini kuupenda kila saa ni kujiliwaza. Kifuniko cha mbele cha kukinga jua, kile cha mpira au cha chuma kinachofungwa kwenye uzi wa lenzi, ndicho kifaa kinachobadilisha matokeo kuliko kingine chochote, na bei yake ni ndogo kuliko ya kichujio chochote.

Jambo linalosahaulika zaidi limo ndani ya adapta. Lenzi hizi zilitengenezwa kwa ajili ya fremu kubwa ya filamu, kwa hiyo huingiza mwanga mwingi kuliko sensa ndogo inavyohitaji, na mwanga huo wa ziada hugonga kuta za bomba la adapta. Adapta za bei rahisi hupakwa rangi nyeusi inayong'aa ndani, na kuta zake huwa kama kioo kingine kinachorudisha mwanga kwenye sensa, hasa katikati ya picha. Tazama ndani ya adapta yako ukielekea dirishani. Ukiona mng'aro, bandika kitambaa cheusi cha mahameli kwa gundi nyembamba, kipande ambacho fundi cherehani yeyote atakukatia kwenye mabaki yake, na uhakikishe hakiachi nyuzi zitakazodondokea kwenye sensa. Adapta hizo pia mara nyingi hufanywa fupi kidogo kuliko kipimo ili lenzi isikose kufika kwenye vitu vya mbali, na matokeo yake ni kwamba meli iliyotia nanga nje ya bandari huwa kali kabla pete haijafika kwenye alama ya mwisho. Usizungushe hadi mwisho ukaamini imekaa. Tazama kwenye skrini.

Kabla sijasahau, kuhusu ule mzunguko maarufu, yaani majani yaliyofifia nyuma ya mtu yanavyoonekana kama yanazunguka, ambao umewafanya wengi waitafute Helios: hutokea zaidi pembeni mwa picha, ambako mduara wa mwanga hukatwa na pipa la lenzi na kuwa na umbo la jicho la paka, na sensa ndogo hukata sehemu hiyohiyo ya pembeni. Kwenye a6000 unaupata nusunusu. Mweke mtu mita mbili kutoka kwako, mita kadhaa mbele ya mwembe wenye jua linalopenya kati ya majani, ufungue tundu lote, na utauona kidogo. Ipo adapta yenye kioo ndani inayobana picha kwa kipimo cha 0.71 na kurudisha sehemu kubwa ya pembeni hizo, lakini bei yake kwangu haina maana kwa jambo la urembo.

Tuje kwenye kufokasi kwa mkono, kazi ambayo kamera ndogo ya kidijitali huifanya iwe rahisi kuliko ilivyokuwa kwa wazee wetu. Kamera inaweza kupaka rangi kwenye kingo zilizo kali, na inaweza kukuza sehemu ya picha machoni pako kabla hujabonyeza. Rangi inatosha tundu likiwa limefungwa; tundu likiwa wazi huwa inadanganya, kwa sababu kwa f/2, mtu akiwa mita moja na nusu kutoka kwako, kina cha ukali, yaani eneo linaloonekana kali kutoka mbele kwenda nyuma, ni yapata sentimita tano tu, na rangi itawaka puani na kwenye kope kwa pamoja. Hapo kuza jicho. Helios 44-2 ina pete mbili za tundu, moja ya kuchagua kikomo na nyingine ya kufungua na kufunga, na mpangilio huo unaochekwa na wengi ni raha tupu kwenye kamera hizi: unafokasi tundu likiwa wazi, kisha unasukuma pete kwa kidole hadi inapogota kwenye f/4 uliyoichagua, bila kuondoa jicho kwenye kamera.

Kwa waendesha baiskeli, ambao bila wao Tanga haijakamilika, usijaribu kumfuata mtu kwa pete. Chagua mahali barabarani, tuseme mstari wa kivuli cha nguzo ya umeme katika moja ya barabara za namba, fokasi hapo, funga tundu hadi f/8, na usubiri. Lenzi kuukuu ina alama za kina cha ukali zilizochongwa kwenye pipa, kitu ambacho lenzi nyingi za sasa hazina, lakini alama hizo zilipimwa kwa filamu. Kwenye sensa ndogo, ukiwa kwenye f/8 soma alama za f/5.6. Tongoni, kusini mwa mji kwenye barabara ya Pangani, hali ni tofauti kabisa, kwani hakuna anayekimbia. Kuta za matumbawe za msikiti na makaburi yenye nguzo, pamoja na vijishimo ambamo vyombo vya kauri vilikuwa vimepachikwa, hutaka lenzi inayosogea karibu, na Helios hukaribia hadi nusu mita. Alfajiri, mwanga ukiwa wa ubavuni, upungufu wake wa weusi huwa faida, kwa kuwa vivuli vya ndani ya vijishimo havizibi.

Mapango ya Amboni ni mtihani mwingine. Fokasi ya lenzi ya kisasa huhangaika gizani, ikienda mbele na kurudi, wakati jicho lako kwenye picha iliyokuzwa linaweza kuupata ukingo wa mwamba kwa tochi ya mwongozaji. Ila a6000 haina mfumo wa kutuliza mtikisiko ndani yake, na lenzi kuukuu haina pia, hivyo kwa milimita 58 usishuke chini ya 1/80 kama umeshika kwa mkono. Pandisha ISO hadi 3200 na uvumilie chembechembe.

Nimeiweka kuvu karibu na mwisho, ingawa kwa mtu wa pwani ndilo jambo la kwanza. Kuvu huota kwenye unyevu mwingi, giza na hewa iliyotulia, yaani ndani ya mfuko wa ngozi ndani ya kabati, mahali ambapo watu wengi huhifadhi lenzi kwa nia njema. Ikikaa muda mrefu hula tabaka la juu la kioo, na hapo hata ikisafishwa huacha alama za kudumu. Tupa mfuko wa ngozi. Chukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, weka vifuko vya silika na kipimo kidogo cha unyevu, na ujitahidi kubaki kati ya asilimia 40 na 50. Vifuko vikishiba, vikaushe kwa moto mdogo na uvirudishe. Muhimu zaidi, itumie lenzi, kwa sababu lenzi inayotoka nje na kupata mwanga wa jua haipendwi na kuvu. Ukirudi kutoka ufukweni au kwenye mwalo wa samaki, futa pipa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi ili chumvi isikae kwenye nyuzi za chuma. Lenzi yenye kuvu hai usiiweke ndoo moja na nzima.

Jua letu lina dawa moja ambayo wenye nchi za baridi huinunua kwa taa maalumu. Baadhi ya lenzi za Asahi, kampuni ya Kijapani, kama vile Super-Takumar ya milimita 50 f/1.4 ya toleo lenye vioo saba, zina thoriamu ndani ya kioo, madini yenye mionzi ambayo hukipaka kioo rangi ya chai kadiri miaka inavyopita. Miale ya jua huiondoa rangi hiyo polepole. Iweke dirishani penye jua la asubuhi kwa siku kadhaa, ikiwa na karatasi ya kung'aa ya alumini upande mmoja ili mwanga urudi ndani, na uhakikishe jua halipenyi hadi kwenye pazia, kwani lenzi iliyo wazi inaweza kuwasha moto.

Mwisho ni suala la ukubwa, kwa kuwa tulisema kamera ni ndogo. a6000 ikiwa na betri ina gramu 344. Helios pamoja na bomba la adapta huifanya iegemee mbele na isiingie mfukoni. Anayetaka udogo ubaki atafute lenzi za kamera zisizo na kioo cha kuakisi za enzi hizo, zenye skrubu ya milimita 39, kama Jupiter-8 ya milimita 50 f/2. Umbali wake ni milimita 28.8, kwa hiyo adapta yake ina unene wa milimita 10.8 tu, na mzigo wote unakaa kiganjani. Haikaribii zaidi ya mita moja, na lenzi pana za mfumo huo huchafua pembe za picha kwenye sensa, lakini ya milimita 50 haina tatizo hilo. Unapoinunua, uliza ilitoka kwenye kamera gani. Zenit za mwanzo zilitumia skrubu ya milimita 39 hiyohiyo lakini kwa umbali wa milimita 45.2, na lenzi yake itaingia kwenye adapta nyembamba bila kipingamizi, kisha haitafokasi hata ng'ambo ya barabara. Inachohitaji ni pete ya kuigeuza kuwa M42 na lile bomba refu.